Kupanda Mkrismasi

Mtu atokaye Chake Chake kwenda Pujini huona mikarafuu, minazi na miembe. Miti hiyo hupandwa kwa faida yake. Lakini pengine watu hutaka mti wa kivuli na wa kupendeza macho, na wengi huchagua mkrismasi. Umepewa jina hilo kwa kuwa maua yake mekundu huchanua mwezi wa Novemba na Desemba. Asili yake ni Bukini, yaani Madagaska. Huko Bwana Wenceslas Bojer, mzaliwa wa Bohemia, aliuona katika miaka ya 1820, na tangu hapo umeenezwa katika nchi nyingi za joto.

Aonaye maua hayo husema upesi, "Na tuupande hapa mlangoni." Ngojeni kwanza. Mche ni kijiti tu, lakini mti mzima huinuka futi 30 hata 40, na matawi yake hutanda sana kama mwavuli. Mizizi yake haizami mbali. Hutambaa karibu na uso wa ardhi. Mimi nilipokuwa mwalimu kijana nilipanda mmoja hatua 4 kutoka birika la maji ya mvua, nikidhani wanafunzi watachota maji kivulini. Mwaka wa tisa birika likapasuka. Tulipochimba tulikuta mzizi mnene kama mkono wangu umelala chini ya sakafu. Kiangazi kile watoto walikwenda mbali kuchota maji, na mti tukaukata ungali na maua.

Asiyesadiki nguvu ya mizizi na aende akatazame magofu ya ngome ya Mkama Ndume, papo hapo Pujini. Ngome ile ni ya karne ya 15. Mbegu moja iliyodondoshwa na ndege katika ufa hutosha kuanza kulegeza mawe ya ukuta kama ule.

Basi chagua mahali kwanza, ndipo uchague mti. Mkrismasi uwe futi 30 au zaidi kutoka nyumba, kisima na birika. Usiupande penye upepo mkali, maana matawi yake huvunjika upesi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja. Pemba haikupigwa hivyo, lakini si kwamba upepo haujui njia ya huku. Mahali pakiwa padogo, afadhali mlangilangi, ambao hukubali kukatwa kilele ukabaki mfupi, na maua yake ya manjano hunukia hata kwa jirani.

Maganda ya mkrismasi ni marefu, pengine futi 2, na mbegu zake ni ngumu mno. Sugua mbegu juu ya jiwe upande mmoja mpaka ganda lake lipungue, kisha uiloweke usiku kucha. Ikivimba, ipande katika kopo lililotobolewa chini. Mche ukipata nguvu, uhamishe mwanzo wa masika. Chimba shimo la futi 2 kwenda chini na futi 2 upana. Udongo wa juu uweke kando, uuchanganye na samadi iliyooza, nao ndio utakaotangulia kurudi shimoni. Zungushia makuti, kwa sababu ya mbuzi. Kiangazi cha kwanza umwagilie maji jioni.

Kisha utangoja miaka 5 au zaidi kabla ya kuona ua la kwanza. Mti wangu wa pili niliupanda ukingoni mwa uwanja wa mpira. Nilipohamishwa ulikuwa haujachanua bado.