TOPE LIZUNGUKALO KATIKA KISIMA

Watu wakusanyikapo kutazama mtambo wa kutoboa kisima kirefu, macho yao huelekea mnara na mabomba yazungukayo kwa kishindo. Ni wachache walitazamao dimbwi la tope lililo kando. Tena wako wadhanio kuwa tope lile ni uchafu uliomwagika kwa uzembe wa mafundi. Kumbe ndilo lifanyalo nusu ya kazi, na fundi aijuaye kazi yake hulitazama dimbwi zaidi kuliko mnara. Kisima kikiporomoka kabla ya kufikia maji, au kekee ikinaswa chini hata isiweze kutolewa, mara nyingi dalili ilionekana mapema dimbwini, ila hapakuwa na mtu wa kuisoma.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kekee, yaani kile chuma chenye meno kisagacho mwamba, hufungwa mwisho wa mabomba yaliyo wazi ndani. Pampu hulivuta tope kutoka dimbwini na kulisukuma katika mabomba hayo hata litokee katika matundu ya kekee. Huko chini hupoza meno, hukumba chenga za mwamba zilizosagwa, kisha hupanda nazo kwa kupitia nafasi iliyo baina ya bomba na ukuta wa shimo. Likifika juu hutiririka katika mfereji mpaka dimbwi la kwanza, ambako chenga hutuama. Tope lililopunguza mchanga wake hupita juu ya ukingo na kuingia dimbwi la pili, na pampu hulivuta tena. Mzunguko huu haukomi maadamu kekee inafanya kazi.

Huenda mtu akauliza, mbona yasitumike maji matupu? Hakika yalitumika. Mwaka 1845 Mfaransa aitwaye Fauvelle alitoboa kisima mjini Perpignan kwa kusukuma maji ndani ya bomba ili yatoe chenga, na watu wakastaajabia wepesi wa kazi yake. Lakini maji hayawezi kuzuia mchanga mlaini. Mwaka 1900 ndugu wa ukoo wa Hamill walikuwa wakitoboa kilima cha Spindletop, karibu na mji wa Beaumont katika Texas, Marekani, wakitafuta mafuta. Walipofikia mchanga, shimo likawa likiporomoka kila mara. Inasimuliwa kwamba waliswaga ng'ombe ndani ya dimbwi lao, wakayakanyaga maji mpaka yakawa tope zito, nalo tope lile likashika kuta. Tarehe 10 Januari 1901 mafuta yalifoka kwa nguvu nyingi, na habari zake zikaenea ulimwenguni. Mfugaji aliyepata kuliona bwawa baada ya ng'ombe kunywa wakati wa kiangazi hatalishangaa shauri lile.

Tope hushika kuta kwa njia mbili. Kwanza ni zito kuliko maji, basi hulisukuma shimo kwa pande zote. Pili, maji yake kidogo hujipenyeza katika mchanga na kuacha udongo ukutani, kama vile wali uachavyo ukoko katika chungu. Ukoko huo ukiwa mwembamba na mgumu, mchanga hautoki. Ukiwa mnene, hulibana shimo na kuyanasa mabomba.

Siku hizi hawaswagi ng'ombe. Hutumika unga wa udongo uitwao bentonaiti, ambao hufura sana ukilowa. Kilo 30 mpaka 50 hutosha kwa lita 1,000 za maji, kwa kadiri ya ubora wake. Unga hunyunyizwa polepole katika maji yanayokwenda kasi, kisha huachwa saa kadhaa ufure. Kuumwaga gunia zima mara moja ni kujitengenezea mabonge. Tena yapasa maji yenyewe yapimwe, kwa maana maji ya chumvi, kama yale ya visima vingi vya pwani, huuzuia udongo huo usifure. Maji magumu yenye chokaa hulainishwa kwa magadi yaliyosafishwa. Kenya ina bahati katika jambo hili, kwa kuwa ziwa la Magadi limetoa bidhaa hiyo kwa zaidi ya miaka 100.

Sasa yafaa kueleza neno ambalo huwashinda wengi. Tope lapaswa kuwa zito kiasi cha kuzibeba chenga, na jepesi kiasi cha kuziacha zituame dimbwini. Fundi aonaye chenga hazipandi hukimbilia kuongeza unga. Hapo chenga hupanda kweli, lakini zikifika juu hazitaki kushuka. Hurudi kisimani pamoja na tope, husaga pampu na kekee, na ukoko huzidi kunenepa. Dawa iliyo bora huwa ni mwendo. Tope jepesi lipandalo karibu mita 30 kwa dakika hutoa chenga vizuri.

Mwendo huo hutegemea upana wa shimo. Chukua pampu itoayo lita 400 kwa dakika, na bomba la inchi 3 na nusu. Katika shimo la inchi 6, tope litapanda mita 33 hivi kwa dakika. Shimo likipanuliwa kuwa inchi 8, pampu ile ile hupandisha tope mita 15 tu, wala haiwezi kufika mita 30 mpaka itoe karibu lita 790. Kwa hiyo asiyekuwa na pampu kubwa hutumia bomba nene zaidi, au hutoboa shimo jembamba kwanza kisha akalipanua kidogo kidogo, akiipunguza haraka yake.

Kupima uzito wa uji huo hakuhitaji mashine. Mhandisi Mmarekani aitwaye Marsh alieleza kipimo chake mwaka 1931, nacho kinatumika hata leo. Ni faneli ijazwayo tope mpaka alama, kisha huhesabiwa sekunde ambazo tope huchukua kujaza chombo kisichotimia lita moja. Maji safi huchukua sekunde 26. Tope la kutobolea kisima cha maji huwa zuri likichukua sekunde 32 mpaka 38. Mchanga nao hupimwa, na ukizidi sehemu 2 katika 100, madimbwi husafishwa kabla ya kuendelea. Madimbwi yenyewe yapaswa kubeba mara tatu ya ujazo wa shimo. Shimo la inchi 8 lenye urefu wa mita 100 hubeba lita 3,200 hivi, basi madimbwi yake yatakuwa ya lita 10,000 hivi. Mdomo wa bomba la pampu huning'inizwa mbali na sakafu ya dimbwi, usije ukanyonya kile kilichotuama. Wala yasisahauliwe kuzungushiwa ua, kwani mtoto akitumbukia humo si rahisi kutoka.

Tope huleta habari pia. Kutoka mita 90 chini, kwa mwendo wa mita 30, tope hufika juu baada ya dakika 3, na chenga nzito huchelewa zaidi. Mwandishi wa daftari aandikaye kina bila kuupunguza muda huo atakosea mahali pa mchanga wenye maji, na bomba lenye matundu litawekwa mbele ya udongo mkavu. Ndiyo sababu fundi mwangalifu husimamisha kekee kabla ya kuunga bomba jingine, akaiacha pampu ikizungusha tope mpaka chenga zote zitoke. Akianza tena, huiwasha pampu taratibu, kwa kuwa tope lililotulia huganda kama maziwa ya mtindi, na kulisukuma kwa ghafula huweza kupasua ukuta.

Dimbwi likipungua ghafula, tope limepata ufa chini. Jambo hili hutokea sana katika mawe ya volkano ya Bonde la Ufa. Kutoboa huachwa mara moja, na shimo hujazwa, maana tope likishuka kuta hukosa mwegamo. Ufa mdogo huweza kuzibwa kwa tope zito lililotiwa unga wa mbao au makapi ya nafaka. Watobozi wa visima vya mvuke huko Olkaria, karibu na Naivasha, wamekutana na shida hii mara nyingi, nao hutia hewa na povu katika maji ili mzunguko uwe mwepesi. Katika mwamba mgumu wengine huacha tope kabisa na kutumia hewa ya kompresa, ambayo yapaswa kupanda mita 900 kwa dakika.

Hatimaye ule ukoko uliokiokoa kisima lazima uondolewe. Bomba lenye matundu na kokoto vikiisha kuwekwa, kisima huoshwa bila kuchelewa, maji yakirushwa kwa nguvu ukutani na kuvutwa huku na huku, au yakipandishwa kwa hewa. Kisima kilicho katika mchanga wenye maji tele huweza kutoa ndoo chache kwa sababu ukoko umebaki, na wenyeji waliochanga fedha wakaambiwa kwamba ardhi yao ni kavu. Kamati iandikianayo mapatano na mwenye mtambo na itake saa za kuosha ziandikwe mbalimbali, pamoja na malipo yake. Mtu wao mmoja na asimame pale na ndoo nyeupe, akiijaza kila nusu saa na kuiacha itulie, mpaka asione mchanga chini yake.