Asidi ya Salisiliki na Ndugu Zake Wawili: Fomula Moja, Kazi Tofauti



Wakulima wa nyanya wanauliza sana kuhusu unga mweupe unaosifiwa kwamba "unaongeza kinga ya mmea". Kabla hujatoa hela, tujifunze kemia kidogo. Usiogope, ni rahisi.

1. Ni asidi gani?
Ni asidi ya salisiliki. Mmea wenyewe huitengeneza kidogo. Ugonjwa ukishambulia jani moja, asidi hii huongezeka, na hata majani ambayo hayajaguswa yanaanza kujiandaa. Mwaka 1979 mtafiti R. F. White wa Uingereza alionyesha kuwa tumbaku iliyopewa aspirini, dawa inayotengenezwa kutokana na asidi hii, ilipata madoa machache ya virusi vya batobato ya tumbaku.

2. Isoma ni nini?
Fikiria watu 6 wameshikana mikono kwenye duara. Hizo ni kaboni 6 za pete ya benzeni. Mmoja amebeba kikapu (kundi la asidi, COOH), mwingine ameshika jembe (kundi la OH). Mwenye jembe anaweza kusimama sehemu tatu:

- Jirani kabisa na mwenye kikapu: orto. Hii ndiyo salisiliki.
- Akirukwa mtu mmoja: meta.
- Wakitazamana: para.

Zote tatu fomula yake ni C7H6O3, na uzito ni uleule. Lakini salisiliki huyeyuka kwenye nyuzi joto 159 hivi, meta 202, para 215. Kwa nini? Kwenye orto, OH iko karibu kiasi cha kushikana na kundi la asidi ndani ya molekuli ileile, kwa hiyo molekuli hazishikani sana zenyewe kwa zenyewe.

3. Shambani inahusu nini?
Mmea unaitambua asidi hii kama kufuli na ufunguo. Ile ya para, inayotumika kiwandani kutengeneza vihifadhi vya vipodozi, haiamshi kinga hiyo. Yaani ukiuziwa para, umenunua ufunguo wa mlango mwingine. Fomula peke yake kwenye lebo haitoshi! Angalia namba ya CAS: salisiliki ni 69-72-7, meta ni 99-06-9, para ni 99-96-7.

4. Kipimo
Majaribio mengi hutumia milimola 0.5 hadi 1 kwa lita, sawa na mg 70 hadi 140. Kwa bomba la lita 20 ni gramu 1.4 hadi 2.8 tu. Kijiko kikubwa kilichojaa kinapita hapo mbali, na ukizidisha majani yanaungua. Kama huna mzani mdogo, acha. Ukiwa nao, jaribu kwanza kwenye miche michache.

5. La kukumbuka
Hata ile sahihi hutayarisha mmea, haitibu. Baka jani chelewa likishaingia wakati wa mvua, shamba linaweza kwisha ndani ya siku chache ukisubiri kinga. Ng'oa mimea iliyoathirika, punguzia majani ya chini, na tumia kiuatilifu cha ukungu kilichosajiliwa kwa nyanya, ukifuata lebo.

Tukutane somo lijalo.