Hongo, takrima, butura: Tunajua maneno haya yalikotoka?

Mwezi uliopita nilikuwa nafundisha Maarifa ya Uislamu kidato cha tatu, mada ikiwa ni rushwa. Kijana mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono akasema: "Ustadhi, hiyo siyo rushwa, ni takrima." Darasa zima likaangua kicheko, na mimi mwenyewe nilicheka. Njiani kurudi nyumbani Kibingo ndipo nilipojiuliza. Yule kijana hakuwa amezaliwa neno hilo lilipoingia katika siasa zetu. Amelirithi likiwa tayari ni mzaha, na mzaha ukishazoeleka hauulizwi tena ulikotoka.

Tuanze na hongo, kwa sababu hilo lilipita kwetu. Karne ya 19, misafara ya biashara iliyotoka pwani kuja bara ilitozwa hongo na watawala wa njiani. Ililipwa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba, baada ya mashauriano yaliyoweza kuchukua siku kadhaa, na kila mtu alijua kilichotolewa. Misafara hiyo ilifika mpaka hapa Karagwe kwa Mukama Rumanyika, aliyempokea Mwingereza Speke mwaka 1861, na wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa na kituo chao pale Kafuro, karibu na Bweranyange. Hongo basi ilikuwa ni ushuru wa njia, mchana kweupe. Leo neno ni lile lile, lakini kinachotolewa hufungwa kwenye bahasha na hutolewa mlango ukiwa umefungwa.

Takrima yenyewe ilisafiri kinyume chake. Mzizi wake ni ule ule wa karama, ukarimu na jina Karim. Ni neno la heshima: kumkirimu mgeni ni ibada. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya nchi hii ilirekebishwa, ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema kama mila inavyotaka. Tukaona wenyewe mila hiyo ilivyokuwa: pilau, kanga, fulana na vocha. Asasi za kutetea haki zikaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Sheria ikafutika, neno likabaki mitaani.

Waislamu tulipaswa kuwa wa kwanza kulishtukia. Tunayo hadithi mashuhuri ya mkusanyaji zaka aliyerudi Madina akasema hii ni yenu, na hii nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akauliza, kwa maana yake, mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi hiyo ingemfikia? Mgombea naye aulizwe: asingegombea, angekuletea hiyo kanga?

Si kila neno la dini lililoingia mitaani limeharibiwa. Ruksa, kwa mfano. Rais Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani mwaka 1985 alikuta nchi haina sabuni wala nguo madukani. Sisi wa mkoa wa Kagera tulikuwa pia na makovu ya vita vya 1978 na 1979. Alipolegeza masharti ya biashara watu wakamwita Mzee Ruksa, jina lililomfuata mpaka alipofariki Februari 2024. Wengi walidhani ni utani tu. Lakini katika fiqhi rukhsa ni wepesi unaotolewa kwa sababu ya dhiki: msafiri kupunguza swala, mgonjwa kula mchana wa Ramadhani. Kwa hiyo waliolibandika jina hilo, wakijua au bila kujua, walipatia.

Sasa nije kwenye neno la kwetu, ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya nishike kalamu. Butura. Msomaji wa Dar es Salaam huenda hajalisikia, ila Karagwe na Kyerwa hata mtoto analijua. Mkulima ana shida ya ada mwezi wa Januari, au ana msiba, na kahawa bado iko mtini, mbichi au ndiyo kwanza ina maua. Anakuja mtu na fedha mkononi, anaizunguka shamba, anakadiria, analipa bei ya chini sana. Mavuno yakifika kahawa ni yake. Serikali na vyama vya ushirika wameipiga marufuku miaka mingi, nayo haifi. Sababu moja, nadhani, ni hilo jina. Anayesema "nimeuza butura" hajisikii kama aliyepunjwa wala aliyevunja sheria. Anajisikia amefanya jambo la kawaida la wakulima.

Hadithi iliyopokewa na Ibn Umar inasema Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla kukomaa kwake hakujadhihiri, akamkataza muuzaji na mnunuzi wote wawili. Hapo pana butura yote, ila jina. Na wanazuoni wanasema katika mikataba huangaliwa makusudio na maana, si matamshi.

Nilipolieleza hili msikitini baada ya Alasiri, mzee mmoja akaniuliza swali la haki: "Mwalimu, na ada ya Januari nitoe wapi?" Nikamweleza kuhusu salam, ambayo Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakiifanya akawawekea masharti: fedha ilipwe sasa, lakini kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Maana yake mkulima anaahidi magunia kadhaa ya kahawa ya daraja fulani, siku fulani. Hauzi mti wala ua. Kahawa inayozidi ni yake, anaipeleka ushirika kama wenzake.

Yule mzee alikwenda kwa mnunuzi wake kumwambia hivyo. Juma lililofuata akanipa majibu: mnunuzi amekataa. Amesema yeye hanunui magunia, ananunua shamba.