Barabara ya mazao: tupunguze ajali mbele ya mavuno



Wakati wa mavuno njia yetu inajaa: makamio ya wachuuzi, pikipiki zenye magunia matatu, wasukuma-kinga, akina mama wenye mihogo kichwani, watoto wa masomo. Wote wanapita mahali pamoja. Mguu mmoja ukivunjika unaweza kula pesa ya msimu mzima: dawa, shamba lisilolimwa, deni ya koperative isiyolipwa. Ndiyo maana somo hili liko ndani ya gazeti la kilimo.

Wengi wanasema: "Ilikuwa siku yake." Lakini ajali mingi inarudi mahali pale pale, na mahali pale pana sababu. Sababu ikionekana, dawa inaweza kutafutwa.

1. Daftari ya ajali

Kila kijiji kichague mtu mmoja wa kuandika: siku, saa, mahali, mvua ao jua, nani aliumia (wa miguu, wa kinga, wa pikipiki, wa kamio), na ilitokea namna gani. Aandike pia zile zilizoponea kidogo. Daftari si ya kutafuta mwenye kosa. Watu wakiogopa kulipishwa wataficha, na daftari itabaki tupu.

2. Kuchora njia

Katika mkutano, choreni njia chini, pamoja na madaraja, kona, masoko na masomo. Wekeni kijiwe kimoja kwa kila ajali, viwili kama mtu alikufa. Pale vijiwe vinarundikana, anzeni pale. Hatuna nguvu ya kutengeneza njia yote mara moja.

3. Kwenda kuona

Tembeeni pale kwa miguu, asubuhi na jioni. Mjiulize: Dereva anaona mbali? Maji yanapita wapi? Mteremko unaingia moja kwa moja kwenye daraja? Na sisi wenyewe tunafanya nini pale? Mpunga na mihogo ikianikwa barabarani, pikipiki inakwepa na kukutana na kamio. Tena mpunga unaingia mawe, na mnunuzi anashusha bei. Tuanike kwenye turubai, mbali na njia.

4. Kuanza na kazi ya bei ndogo

- Kona yenye matete: kufyeka pande zote mbili, zaidi upande wa ndani ya kona.
- Maji juu ya njia: kuzibua mifereji na kuchimba ya kutoa maji pembeni. Asilime mtu ndani ya mfereji.
- Daraja la miti: kubadilisha mbao zilizooza, na kusimamisha nguzo zenye chokaa kila upande ili zionekane usiku.
- Njia ya watu wa miguu: kusafisha pembeni, karibu na soko na masomo.
- Mvua kubwa: kuheshimu barière ya mvua. Kamio ikipita kwenye matope, inaacha mashimo ya kuangusha pikipiki wiki nzima.

5. Angalisho: njia nzuri inaleta mwendo

Njia ikisha kutengenezwa, madereva wanakimbia. Pikipiki ikitoka kilometa 30 kwa saa na kufika 60, nguvu yake ya kugonga inazidi mara 4, na breki inahitaji umbali wa karibu mara 4 ili kuisimamisha. Basi mpango wa kutengeneza njia uwe pia na mpango wa kupunguza mwendo ndani ya kijiji. Lakini msitupe gogo ao kamba barabarani: usiku inaua. Tuta liwe la mteremko mpole, lenye alama mbele yake, na likubaliwe kwanza na wenye kusimamia njia.

6. Nani anafanya nini

Kufyeka na kuzibua mifereji ni kazi ya salongo ao ya komite ya kijiji ya kutunza njia (CLER). Daraja kubwa na mashini si kazi yetu. Njia za kutoka mashambani ziko chini ya OVDA (zamani DVDA), barabara kubwa chini ya Office des Routes. FONER, iliyoundwa 2008, ndiyo mfuko wa taifa wa matunzo ya barabara. Pelekeni barua pamoja na kopi ya daftari na mchoro, mbaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Barua yenye hesabu inasikilizwa kuliko malalamiko.

7. Kila mtu na sehemu yake

Kwetu magari yanapita kuume. Wa miguu apite kushoto, aone kinachokuja. Wa pikipiki avae kaske na kuifunga kidevuni: OMS inasema inapunguza sana hatari ya kufa. Koperative isimpe mzigo dereva asiye na kaske ao aliyekunywa.

Kisha miezi 6, fungueni daftari tena. Vijiwe vimepungua pale? Kama hapana, dawa haikuwa ile, rudini kuona.

Maswali ya kikundi
- Ni mahali gani patatu tunapoogopa zaidi katika njia yetu?
- Kazi gani tunaweza kumaliza kwa salongo mbili, mbele ya mavuno?
- Nani atashika daftari, na nani atamsaidia akisafiri?