Mashine Ikifika Katanika, Iwe ya Nani?

Mwaka 2013, watu wa Kinshasa waliona askari wa trafiki wa alumini akiinua mikono na kuzungusha kifua, magari yakasimama. Roboti hiyo, iliyotumia umeme wa jua, iliundwa na mhandisi Mkongomani, mama Thérèse Izay Kirongozi, na wenzake wa chama cha Women Technology. Mtu akiitazama huuliza kwanza: je, askari wataachishwa kazi? Swali hilo ni halali, lakini kuna lingine linalolitangulia: mashine ni ya nani?

Kwetu Katanika, karibu na mji wa Kalemie, mambo hayataanza na roboti. Yataanza na kinu kinachotumia dizeli, pikipiki ya matairi matatu, au winchi kule bandarini Kalemie. Familia nyingi zilikimbilia hapa mwaka 2017, zikihepa vita vya vijijini Tanganyika. Ziliacha mashamba, zikabaki na mikono yao. Na mwenye mikono mitupu ndiye anayeumia wa kwanza mashine inapokuja. Wazee walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Basi tukishike kisu hicho sisi wenyewe. Njia ni hizi.

1. Hesabuni kazi kabla mashine haijanunuliwa

Chukueni mfano wa mama anayeishi kwa kuwatengenezea wengine unga wa bukari. Muhogo unalowekwa, unaanikwa, unatwangwa, unachekechwa, kisha unauzwa. Mashine inachukua kutwanga peke yake. Kazi nyingine zote zinabaki. Tena inaleta kazi mpya: kukaza mkanda, kubadilisha chekeche, kutafuta mafuta, kupima magunia, kuandika daftari. Kaeni chini, andikeni majina ya wote wanaoishi kwa mchi, na mkubaliane kwamba hao ndio watakaofundishwa kazi hizo kabla ya mtu mwingine yeyote.

2. Nunueni pamoja, kisha mjiandikishe

Mnajua likelemba, yaani kuchangiana fedha kwa zamu, na wengi wenu mko katika vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Hapo ndipo pa kuanzia. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012, na sheria ya OHADA ya mwaka 2010 kuhusu vyama vya ushirika inaruhusu hata watu watano kuunda ushirika mdogo. Tena sheria hiyo inampa kila mwanachama kura moja, awe ametoa hisa nyingi au chache. Kwa hiyo mwenye fedha hawezi kuwafunga wenzake midomo. Kikundi kisichoandikishwa kinamtegemea mtu mmoja. Akihama au akifariki, mashine inabaki kwa jamaa zake.

3. Andikeni masharti ya umiliki

Masharti matatu yasikosekane. Kwanza, mwanachama awe mtu anayefanya kazi hiyo kwa mikono yake, na hisa isiuzwe kwa mtu wa nje bila mkutano kukubali. Pili, mtu mmoja asikusanye hisa za wenzake waliobanwa na shida. Ushirika wenyewe uzinunue. Tatu, fedha igawanywe kwa mpangilio: mafuta, mshahara wa mwendeshaji, akiba ya vipuri, ndipo faida. Akiba ya vipuri isiguswe hata kwa ajili ya sherehe. Mkanda hukatika siku ya soko, na kinu kilichosimama hakimlishi mtu.

4. Mashine ikiwa ya tajiri, dai haki yako mapema

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 haimwachi mwajiri afukuze watu ovyo kwa sababu amepanga upya shughuli zake. Lazima awaarifu wawakilishi wa wafanyakazi kwa maandishi, na katika kuchagua nani aondoke azingatie ujuzi, miaka ya kazi na mzigo wa familia. Tafuteni mjumbe wa sendika na mkaguzi wa kazi kabla winchi haijafungwa, wala si baada yake. Mbebaji asiye na mkataba anunue daftari: tarehe, meli, idadi ya magunia, malipo, jina la shahidi. Mtu mwenye daftari ana la kuonyesha anaposema kwamba alifanya kazi.

Na ombeni mafunzo. Katika mgodi wa dhahabu wa Kibali, Haut-Uele, mashine za kupakia mawe chini ya ardhi zinaongozwa na watu walioketi juu. Kazi imepanda kutoka shimoni hadi kitini, na anayeipata ni yule aliyefundishwa.

5. Msingoje wakubwa

Mwaka 2017 Bunge la Ulaya lilijadili roboti, na pendekezo la kuwatoza kodi wenye roboti ili kuwasaidia wafanyakazi likakataliwa. Ikiwa nchi tajiri bado zinasitasita, ulinzi wa mbebaji wa Kalemie hautashuka kutoka mbali wiki ijayo. Utaanza na watu watano, daftari moja na sanduku la akiba lenye kufuli.

Ndugu zangu, mama zangu, mashine si adui. Itatunyang'anya chakula ikiwa ya mtu mmoja, na itatuongezea ikiwa yetu. Jumapili hii, kila mmoja wenu atafute wanne wa kuketi naye.