Mkatizo wa Pini na Mpaka wa Kipaumbele

Kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chombo haina budi kuitikia mambo ya nje mara yatokeapo. Mfano mzuri ni kipimamvua cha ndoo. Ndoo ijaapo, mathalani kwa milimita 0.2 za mvua, hupinduka na kufunga swichi. Volti ya pini hubadilika. Kompyuta huacha kazi iliyo nayo, huhesabu mpinduko mmoja, kisha huirudia kazi yake. Kitendo hicho huitwa mkatizo.

Huweza kutokea kwamba, baada ya kuwekwa toleo jipya la programu simamizi kama FreeRTOS, iliyoanzishwa na Richard Barry, kompyuta husimama kabisa ndoo inapopinduka mara ya kwanza. Je, swichi imeharibika? Jibu halipatikani kwa kukisia, bali kwa kupima hatua kwa hatua.

Kwanza, voltimita huunganishwa na pini, na swichi hushikiliwa ikiwa imefungwa. Volti ikishuka kutoka 3.3 hadi 0, swichi na waya ni vizima. Ikiyumbayumba swichi ikiwa wazi, huenda kikinzani kinachoishikilia pini kwenye volti ya juu hakikuwashwa.

Pili, programu ya mkatizo hupunguzwa ibaki na amri moja tu, ya kuwasha taa. Taa isipowaka, yafaa kuchunguza kama mkatizo wenyewe umewashwa, na kama programu yake bado ina jina linalotambuliwa na toleo jipya. Taa ikiwaka, kosa limo katika amri zilizoondolewa.

Tatu, huchunguzwa kipaumbele. Katika prosesa za Cortex-M, namba ndogo huashiria haraka kubwa zaidi, na mkatizo usiopangiwa namba hubaki na 0. FreeRTOS huweka mpaka. Mpaka ukiwa 5, mikatizo yenye namba 0 hadi 4 haicheleweshwi na programu simamizi, lakini hairuhusiwi kuomba huduma zake, kama vile kupeleka ujumbe. Ikiomba, yaweza kuvuruga orodha za kazi zake. Uhakiki usipokuwapo, kosa hilo hujificha, na hesabu ya mvua huweza kupotoka bila mtu kujua. Uhakiki ukiwashwa, kompyuta husimamishwa papo hapo. Hapo toleo jipya halikuleta kosa, limelifichua. Dawa ni kuupa mkatizo namba 5 au zaidi.

Zoezi: Mpaka ni 5. Mkatizo A una namba 3, na B una namba 7. Upi waweza kupeleka ujumbe, na upi huitikiwa kwanza?