Ukucha Uliozama Nyamani: Weka Wembe Chini

Jioni mtu huketi mlangoni na wembe au pini, akachokoa pembe ya ukucha wa kidole gumba cha mguu unaomsumbua. Hupata nafuu siku mbili tatu. Kisha kidole huvimba, kikapwita usiku kucha na kutoa usaha.

Ukichokoa pembe, mara nyingi unaacha kipande chenye ncha ndani. Ukucha unaporefuka, ncha hiyo huchoma nyama kama mwiba. Ndiyo sababu kumeza dawa za kuua bakteria pekee hakutoshi: mwiba bado umo.

Ikiwa kidole kinauma tu na hakuna usaha, loweka mguu katika maji ya vuguvugu yenye chumvi kwa dakika 10 hadi 20, mara tatu kwa siku. Ukaushe vizuri, uvae ndala au viatu vya wazi. Usipake majivu wala dawa ya meno.

Ukiona usaha, uvimbe unaopanda mguuni au homa, nenda zahanati au kituo cha afya. Pale wasipoweza kukutibu, watakuelekeza hospitalini. Wengi huogopa kwamba watang'olewa ukucha wote, lakini kwa kawaida sivyo. Mhudumu hudunga sindano ya ganzi kwenye shina la kidole, kisha hukata ukanda mwembamba wa upande uliozama. Wakati mwingine hupaka dawa kwenye mzizi ili upande huo usiote tena. Tusidanganyane, sindano inauma. Baada yake utahisi kuvutwa tu. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo, kwa hivyo njoo na ndala. Mweleze mhudumu iwapo ulijikata, ili aangalie kama unahitaji chanjo ya pepopunda.

Mgonjwa wa kisukari asijitibu hata siku moja. Kisukari hufisha hisia za miguu na kupunguza mtiririko wa damu, hivyo kidonda kinaweza kufika kwenye mfupa bila maumivu makali, na kidole kikakatwa. Akague miguu yake kila jioni, hata katikati ya vidole, na akiona uvimbe aende kliniki siku hiyo.

Kata kucha baada ya kuoga, zikiwa laini, moja kwa moja bila kuviringa pembe. Wanaoshinda ndani ya gambuti wabadilishe soksi kila siku. Nanyi wazazi, viatu vya shule vilivyomtosha mtoto Januari huenda vikambana kufikia muhula wa tatu. Tunawaomba walimu wamruhusu mwanafunzi mwenye kidole kilichovimba avae ndala hadi apone.